Kutoka Alhamisi Hadi Jumapili

Barabara inayotoka Kisian, nje kidogo ya Kisumu, hupita Kombewa na Ndori kabla ya kuingia Bondo, kisha huendelea hadi Usenge, ukingoni mwa ziwa. Ni barabara ya samaki na ya siasa. Asubuhi omena na mbuta hupanda kuelekea mjini. Jioni magari hurudi na habari. Kang'o ka Jaramogi, boma la Jaramogi Oginga Odinga katika kijiji cha Nyamira, haliko mbali nayo, na kwa zaidi ya nusu karne hakuna ushindi wala msiba wa upinzani nchini Kenya ambao haukupita hapa. Anayetaka kuelewa jinsi mji mzima unavyotoka kwenye nderemo na kuingia mochari ndani ya siku chache, naona aanzie kwenye barabara hii, mwisho wa Desemba 2007.

Alhamisi, tarehe 27, watu walipiga kura. Ijumaa redio zilikuwa zimeanza kusoma matokeo eneobunge baada ya eneobunge, na kila saa jina la Raila Odinga lilizidi kutangulia. Mawaziri waliokuwa wakiogopwa walikuwa wakianguka. Makamu wa Rais Moody Awori alipoteza kiti chake cha Funyula. ODM, chama cha Raila, kilikuwa njiani kupata wabunge 99, zaidi ya mara mbili ya wale wa PNU, chama cha Rais Mwai Kibaki. Kufikia usiku wa Ijumaa Raila alikuwa mbele kwa mamia ya maelfu ya kura. Kisumu ilitoka nje. Bodaboda, ambazo wakati huo zilikuwa bado ni baiskeli, zilifungwa matawi. Bondo nako watu hawakulala.

Jumapili jioni, tarehe 30, Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, alimtangaza Kibaki mshindi kwa kura 4,584,721 dhidi ya 4,352,993 za Raila. Giza lilipokuwa likianza kuingia Nairobi, Kibaki alikuwa tayari ameapishwa katika Ikulu mbele ya wageni wachache. Kisumu ilikuwa inaungua. Katika siku na wiki zilizofuata, miili ilirundikana katika hospitali kuu ya mkoa.

Maelezo ambayo yamezoeleka ni mepesi mno: kwamba watu walijawa na matumaini, matumaini yakavunjika, hasira ikawapanda, wakaanza kuua na kuuawa. Maelezo hayo huifanya furaha yenyewe kuwa mkosaji, kana kwamba watu wa ziwa walikuwa na pupa ya kushangilia na ndiyo iliyowaponza. Sikubaliani nayo. Nadhani mambo mawili tofauti yalitokea, moja la hesabu na moja la risasi, na tukiyachanganya hatutaona ni lipi limetibiwa na ni lipi bado linatutafuna.

Nianze na hesabu. Kenya ilikuwa na maeneobunge 210. Kura zilihesabiwa katika kila kituo, zikaandikwa kwenye fomu iliyoitwa 16A, mawakala wakatia sahihi, kisha zikajumlishwa katika makao ya eneobunge na kupelekwa Nairobi katika jumba la KICC. Waandishi wa redio na mawakala wa vyama walikuwa kwenye maeneobunge, hivyo walikuwa na jumla zao kabla ya tume. Wanakijiji wa Bondo waliokuwa wakisikiliza Ramogi FM hawakuwa wakisikiliza uvumi. Walikuwa wakisikia matokeo halisi ya maeneo halisi. Tatizo ni mpangilio wake. Matokeo ya ngome za upinzani yalitangulia; mengi ya ngome za Kibaki katika Mkoa wa Kati na sehemu za Mashariki yalichelewa.

Mvuvi wa Usenge angelielewa jambo hili bila kufundishwa. Mashua zikianza kurudi alfajiri na zile za upande mmoja zikatangulia kutia nanga, huwezi kujua samaki wa usiku ule ni wa nani zaidi mpaka mashua zote zifike. Jumla ya mashua tano za kwanza ni ya kweli kabisa, lakini si jumla ya usiku mzima. Hakuna aliyewaeleza watu ni mashua ngapi zilikuwa bado majini na zilitoka upande gani. Furaha ya Ijumaa ilikuwa hesabu sahihi ya sehemu isiyojulikana ya kitu kizima, na watu waliisikia kama kitu kizima kwa sababu walikuwa wameisubiri kwa muda mrefu sana.

Na kusubiri huko kulikuwa na tarehe zake. Jaramogi alijiuzulu umakamu wa rais mwaka 1966, chama chake cha KPU kikapigwa marufuku mwaka 1969, na mwenyewe akawekwa kizuizini. Tarehe 14 Oktoba 2002 mwanawe, Raila, alisimama Uhuru Park akatamka kwamba Kibaki anatosha, na Nyanza ikampigia Kibaki kura kwa moyo wote. Makubaliano ya kugawana madaraka yaliyoandikwa kabla ya uchaguzi ule hayakutekelezwa. Kwa hiyo mwaka 2007 mtu wa Bondo hakuwa akishangilia mgombea tu. Aliona deni la miaka 40 linalipwa.

Kisha ikaja Jumamosi, na ndiyo siku ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote nne, ingawa husimuliwa kidogo kuliko nyingine. Pengo lilianza kupungua. Kutoka mamia ya maelfu lilishuka hadi makumi ya maelfu. Jambo hilo pekee lingeweza kuwa la kawaida, kwani mashua zilizochelewa zilikuwa zikifika. Lakini pamoja na kupungua kwa pengo ulikuja ukimya. Kivuitu alisema hadharani kwamba hawezi kuwapata baadhi ya wasimamizi wa uchaguzi kwa simu. Mawakala walidai kwamba takwimu zilizosomwa KICC hazikulingana na zile zilizotiwa sahihi mashinani. Kisumu ghasia na uporaji vilianza siku hiyo hiyo, kabla ya mshindi kutangazwa. Ucheleweshaji ndio uliowasha moto wa kwanza.

Jumapili tume na serikali zilifanya mambo matatu ndani ya saa chache, na kila moja liliondoa sababu ya kuamini. Matokeo yalitangazwa katika chumba kilichofungwa, mbele ya kamera za shirika la serikali la KBC pekee, baada ya ukumbi kujaa fujo. Rais akaapishwa papo hapo. Kisha waziri wa usalama wa ndani, John Michuki, akapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Turudi kwa mvuvi wetu. Samaki wake hupimwa mbele ya macho yake, ufuoni, na mizani husomwa kwa sauti. Yule anayechukua kapu lake, akaingia nalo ndani, akafunga mlango na kutoka na kipimo, huenda hakumwibia hata samaki mmoja. Lakini hakuna mvuvi ufuoni atakayeondoka kimya.

Tume iliyoongozwa na jaji wa Afrika Kusini, Johann Kriegler, ilichunguza uchaguzi ule na kutoa ripoti Septemba 2008. Ilisema kumbukumbu za matokeo zilikuwa zimeharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Ilisema pia kwamba kura zilijazwa masandukuni katika ngome za pande zote mbili. Sentensi hiyo ya pili huwa hairudiwi sana kwetu, na ni haki irudiwe. Kama idadi ya Kati haikuaminika, baadhi ya idadi za Nyanza nazo hazikuaminika. Kivuitu mwenyewe, siku chache tu baada ya kumtangaza Kibaki, alikiri kwamba hakujua kama Kibaki alishinda.

Wakati ule wengi waliuliza kwa nini upinzani haukwenda mahakamani. Jibu liko kwenye historia ya kesi za urais. Kenneth Matiba alipopinga ushindi wa Daniel arap Moi wa mwaka 1992, kesi yake ilitupwa kwa sababu hakuitia sahihi kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa mgonjwa, na mkewe ndiye aliyeitia. Baada ya uchaguzi wa 1997 aliyemshtaki Moi alikuwa Mwai Kibaki. Kesi yake ilitupwa kwa sababu hakumkabidhi Rais karatasi za mashtaka ana kwa ana, na kumfikia Rais ana kwa ana kulikuwa kunahitaji kupita walinzi wake. Kibaki alijua kuliko mtu yeyote jinsi mlango ule ulivyokuwa mwembamba. Kama hilo halikutosha, mwaka 2007 aliteua makamishna wapya wa tume bila kushauriana na upinzani, kinyume cha makubaliano ya vyama ya mwaka 1997. Furaha ilipovunjika hapakuwa na ofisi ya kuipelekea. Palikuwa na barabara tu.

Hapo ndipo hesabu inapoishia na risasi zinapoanza.

Kuna jambo moja la desturi ambalo mgeni anahitaji kuelezwa. Huku kwetu matawi yanayopeperushwa wakati wa ushindi ndiyo yanayobebwa wakati wa msiba. Katika tero buru, desturi ya mazishi ya Waluo, watu hukimbia pamoja na ng'ombe, wakiwa na matawi na filimbi, wakipiga kelele ili kukifukuza kifo kitoke bomani. Maandamano ya kisiasa yameazima kutoka pande zote mbili. Kundi linalokuja mbio kutoka mtaa wa Kondele, Kisumu, na matawi mkononi laweza kuwa linashangilia, linaomboleza au linapinga, na mara nyingi linafanya yote kwa wakati mmoja. Askari aliyetumwa kutoka mbali anaona jambo moja tu, umati unaokuja kwake mbio.

Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia zile na kukabidhi ripoti Oktoba 2008, ilihesabu waliokufa nchi nzima kuwa 1,133. Kati yao 405 walikufa kwa risasi, zaidi kidogo ya theluthi moja. Katika Mkoa wa Nyanza waliokufa walikuwa 134, na waliopigwa risasi kati yao 107. Hiyo ni karibu wanane katika kila kumi. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha uchambuzi huu. Katika Bonde la Ufa, ambako watu 744 walikufa, wengi waliuawa na raia wenzao, kwa panga, mishale na moto. Kando ya ziwa waliouawa waliuawa hasa na bunduki, na bunduki zilikuwa za serikali. Tume ilieleza kwamba wengi wa waliofanyiwa uchunguzi Kisumu walikuwa wamepigwa kutoka nyuma. Mtu anayepigwa risasi mgongoni anakimbia kuondoka.

Sisemi raia wa Kisumu hawakufanya ubaya. Walifanya. Maduka ya Barabara ya Oginga Odinga yaliporwa na kuchomwa, na kwa muda watu wa mji uleule walikosa mahali pa kununua unga. Familia za Wakikuyu na Wakisii zilizokuwa zimeishi Kisumu kwa miaka mingi zilifukuzwa, nyumba zao zikatiwa moto, zikakimbilia vituo vya polisi. Mwishoni mwa Januari, mabasi yalipoanza kuleta Waluo waliotimuliwa Naivasha na Nakuru, wengine wakiwa na majeraha na habari za jamaa waliochomwa ndani ya nyumba, kisasi kilirudi tena mitaani. Mkikuyu aliyekuwa na kibanda chake Kisumu hakuhesabu kura KICC. Alilipa deni lisilo lake, na hilo halisafishwi na idadi yoyote ya risasi.

Lakini kuchoma duka hakujawahi kuwa na hukumu ya kifo nchini Kenya. Tarehe 16 Januari 2008 kamera ya KTN ilimnasa askari huko Kondele akiwafyatulia risasi vijana wawili wasio na silaha, waliokuwa wakimchezea na kumkejeli kutoka ng'ambo ya barabara. Nchi nzima iliona. Askari alishtakiwa, na mwaka 2010 Mahakama Kuu ikamwachilia, kwa kuwa namba ya bunduki iliyoletwa kama ushahidi haikulingana na ya bunduki iliyosemekana kutumika. Kama tukio lililorekodiwa mchana kweupe liliishia kwenye namba ya bunduki, yale mengine 100 na zaidi yasiyokuwa na kamera yangeishia wapi?

Hospitali iliyopokea miili ile iko karibu na Kondele na wazee huiita Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti, kwa juhudi za Jaramogi. Mzee Jomo Kenyatta alikuja kuifungua rasmi tarehe 25 Oktoba 1969. Ilipaswa kuwa siku ya sherehe. Miezi mitatu kabla Tom Mboya, waziri Mluo, alikuwa ameuawa Nairobi, na mji ulikuwa na majeraha mabichi. Kenyatta na Jaramogi walirushiana maneno makali hadharani, umati ukapiga kelele, na msafara wa Rais ulipokuwa ukiondoka walinzi walifyatua risasi barabarani, watoto wa shule wakiwa wamepangwa kando. Serikali ilikiri vifo 11. Wakazi wamekuwa wakitaja idadi kubwa zaidi tangu siku hiyo. Hakuna askari aliyefikishwa mahakamani. Hivyo Desemba 2007 jibu la serikali kwa Kisumu halikubuniwa upya. Lilikuwa limeshatumika mlangoni mwa hospitali ileile, miaka 38 kabla, na halikumgharimu aliyelitumia chochote.

Sasa tuangalie kilichofuata, maana hapa ndipo mambo yale mawili yanapoachana njia.

Hesabu imetibiwa, japo polepole na kwa maumivu. Katiba ya 2010 ilileta Mahakama ya Juu yenye muda maalumu wa kuamua kesi ya urais. Juni 2017 Mahakama ya Rufaa, katika kesi iliyoletwa na Maina Kiai na wenzake, iliamua kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa katika eneobunge ni ya mwisho na Nairobi haiwezi kuyabadilisha. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta uchaguzi wa urais wa mwezi uliotangulia. Kisumu ilitoka nje na matawi tena.

Furaha ile nayo ilikuwa na umri mfupi. Upinzani ulijiondoa kwenye marudio, maandamano yakaanza, na tarehe 13 Oktoba, wiki sita tu baada ya shangwe, polisi waliwaua kwa risasi angalau watu wawili hapa Bondo wakati waandamanaji walipokabiliana nao. Tarehe 26 Oktoba vituo vya kura katika kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori havikufunguliwa. Mahakama ilikuwa imesema ukweli kuhusu hesabu. Kuhusu bunduki haikuwa imeulizwa.

Agosti 2022 tume iliweka fomu za vituo vyote 46,229 kwenye tovuti ambayo mtu yeyote angeweza kuifungua. Hili, kwa maoni yangu, ndilo badiliko kubwa kuliko yote. Kijana wa Bondo mwenye simu na kalamu aliweza kuona fomu ya kituo cha kwao na ya kituo cha Kiambu, na kujumlisha mwenyewe mpaka alfajiri. Mashua zote zilionekana ufuoni. Tarehe 15 Agosti William Ruto alipotangazwa mshindi, makamishna wanne kati ya saba walijitenga na matokeo, matairi yakachomwa Kondele, vitoa machozi vikarushwa, watu wakalia kwa uchungu mkubwa. Lakini Desemba 2007 haikurudi. Kesi ikaenda mahakamani, tarehe 5 Septemba uamuzi ukatoka, na watu wa ziwa, ambao wengi wao hawakuukubali moyoni, walirudi kwenye nyavu na vibanda vyao. Ni watu walewale, wenye uchungu uleule na kiongozi yuleyule aliyeshindwa. Kama tatizo lingekuwa pupa yao, lingejitokeza tena mwaka huo.

Risasi haijatibiwa. Machi 2023, maandamano ya gharama ya maisha yalipoanza, wa kwanza kuuawa alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno, hapa hapa kando ya ziwa. Hapakuwa na matokeo ya kusubiri, hapakuwa na KICC wala shangwe iliyovunjika. Palikuwa na vijana barabarani na bunduki iliyojaa.

Usiku wa matokeo ya Agosti 2017, polisi waliingia mtaa wa Nyalenda, Kisumu, wakapiga milango ya nyumba moja baada ya nyingine. Mtoto wa kike wa miezi sita alipigwa kwa rungu kichwani akiwa na mama yake, akafariki hospitalini siku chache baadaye. Mwaka 2019 hakimu wa Kisumu aliyeendesha uchunguzi wa kifo hicho alisema polisi wanawajibika kwa kifo hicho. Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliidhinisha maafisa kadhaa washtakiwe kwa uhalifu dhidi ya binadamu, mara ya kwanza kwa mahakama za Kenya kuletewa shtaka la aina hiyo kutokana na ghasia za uchaguzi. Tangu hapo kesi imeahirishwa mara nyingi. Mtoto yule angekuwa shule ya msingi sasa.